Siku Tatu za Hisani

Reinfrida Mgaya aliingia chumba cha mfumo saa mbili kasoro robo asubuhi, koti lake la sufu likiwa bado limelowa ukungu, akakuta ukuta mzima umegeuka buluu.

Alisimama mlangoni na chupa yake ya chai mkononi. Katika miaka kumi na moja ya kutunza mfumo wa Kiwanda cha Nguzo Ikonyelo alikuwa amewahi kuona jalada moja la buluu, siku mbaya mawili. Buluu maana yake jalada limepoa. Limekaa bila kuguswa na mwenyewe mpaka Mzani, mfumo uliopima kila tone la umeme pale kiwandani, ukalihesabu kuwa takataka. Leo yalikuwa mia moja sitini na manne. Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo zisizo na haraka: Kufutwa leo, saa tisa alasiri.

"Hapana," alisema kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. "Hapana bwana. Si leo ndiyo siku yenyewe?"

Na kweli leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kila mwaka, wastaafu wa tangi la dawa walikuja Ikonyelo kwa Siku ya Kugusa. Mzee huyu na kikapu chake cha viazi, mama yule na mjukuu wake mgongoni, wanapanga foleni, kila mmoja anaweka dole gumba kwenye kisahani, jalada lake linaishi mwaka mwingine. Mwaka huu siku iliangukia Alhamisi. Lakini Jumatano asubuhi Otmari Kihwelo, msimamizi wa boila kwa miaka thelathini, alianguka bafuni kwake na hakuamka, wakamzika Alhamisi hiyohiyo. Hakuna mtu wa Ikonyelo ambaye angekwenda kubonyeza kidole kwenye kisahani wakati Otmari anateremshwa kaburini. Reinfrida mwenyewe alisimama baada ya padri, akatangaza pale makaburini: Kugusa kumesogezwa hadi Jumanne, baada ya kuanua matanga. Watu wakakubali kwa vichwa.

Hakutangaza kwa kubahatisha. Muda wa jalada ukiisha, sheria inalipatia siku saba za hisani. Kutoka Alhamisi hadi Jumanne ni siku tano. Hesabu ya mtoto wa chekechea.

Alivuta kiti, akafungua taarifa alizokuwa hajazisoma kwa sababu ya msiba. Ya Jumapili ilikuwa mstari mmoja. Siku za hisani zilizoombwa na taasisi: tatu. Zimekwisha. Kufuta: Jumanne.

Zilizoombwa. Alilisoma neno hilo mara ya pili, na mara ya tatu.

Kisha akafanya jambo alilokuwa anajizuia kulifanya. Aliteremka na orodha hadi namba kumi na tisa. Kolumba Mgaya. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka kumi na minne, aliyefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye tangi ambamo nguzo hulowekwa dawa ili mchwa wasizile. Kila mtu wa tangi alivaa kipimo kifuani, nacho kiliandika kila pumzi: leo umevuta kiasi hiki, saa hii umevuta kiasi kile. Sasa mapafu na damu ya Kolumba vilikuwa vimechoka, na Ijumaa hii alikuwa na nafasi hospitalini ya kusafishwa damu. Dawa ya kusafishia hupimwa kwa kufuata jalada la pumzi. Ikipungua haifanyi kitu. Ikizidi inaua figo. Bila jalada, hakuna daktari anayeruhusiwa hata kuifungua chupa.

Zilibaki saa saba na robo.

*

Meneja alikuwa kwenye chumba cha wageni, akimmiminia mkaguzi chai. Reinfrida alimwita kwa jicho kupitia kioo cha mlango. Meinrad Luoga alitoka, akaufunga mlango taratibu nyuma yake. Alikuwa mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kupita kiasi, na leo tai yake ilikuwa na picha ya jani.

"Kamwene, Reinfrida. Mkaguzi ameshafika. Kila kitu shwari?"

"Bosi, uliomba siku tatu za hisani?"

Alikunja uso. "Hiyo ni fomu ya jani la tano. Niliijaza mwezi wa nne."

"Uliijaza au uliinakili?"

Meinrad alitazama chini, na jibu likawa limepatikana.

Mambo yalikuwa hivi. Kila kampuni ilipewa majani, yaani alama za sifa, na Mamlaka ya umeme kulingana na umeme ambao mifumo yake iliokoa. Majani matatu unapata mgao wa umeme. Manne unapata mkopo. Matano, mnunuzi mkubwa wa nguzo, ambaye naye amebanwa na wanunuzi wake huko anakouza, anakubali kukaa na wewe meza moja. Jirani zao wa ng'ambo ya mto walikuwa wamepata matano kwa ombi la kwanza. Kuanzia hapo kila meneja wa nyanda zile alikosa usingizi. Kwenye mkutano wa waajiri Meinrad alimwomba mwenzake fomu, akaenda nayo nyumbani, akahamisha neno kwa neno: kikomo cha umeme kile kile, siku za hisani zile zile.

"Wote tunafanya hivyo," alisema. "Fomu iliyokwisha kukubaliwa, kwa nini uanze kubuni yako?"

"Wale wana miaka minne tangu wafungue kiwanda!" Reinfrida alijitahidi kuishusha sauti ikakataa. "Hawana mstaafu hata mmoja, bosi. Watu wao wote wako kazini, wanagusa kila asubuhi wakipita getini. Siku tatu kwao ni nyingi mno. Sisi tuna wazee mia na sitini ambao Alhamisi tulikuwa nao makaburini. Wewe mwenyewe ulibeba jeneza."

Meinrad aliegemea ukuta. Alionekana kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka.

"Sikufikiria wastaafu," alisema. "Haki ya Mungu, sikuwafikiria."

"Sasa tuwafikirie. Jalada lililopoa ni lazima lipashwe kwanza ndipo mwenyewe aliguse, na kupasha kunakula umeme. Kwa kikomo tulichoapa, umeme uliobaki leo unatosha majalada arobaini. Niruhusu nifungue kikomo."

"Siku ya ukaguzi?"

"Yanafutwa saa tisa!"

"Reinfrida, nisikilize." Alimshika bega, akamwondoa mlangoni. "Ukivunja kikomo tulichoapa, mkaguzi akiwa humu ndani, hatupotezi jani moja. Tunapoteza yote. Kiwanda kisicho na jani hakipewi umeme mwaka mzima. Watu mia sita. Vijana wa haohao wazee. Nani ataoa, nani atajenga, nani atampeleka huyo mzee hospitali, mtoto wake akiwa nyumbani anahesabu kuku?"

Hakuwa anasema uongo, na hilo ndilo lililomuuma Reinfrida. Angekuwa mwongo ingekuwa rahisi.

"Pasha arobaini," Meinrad alisema. "Chagua wagonjwa zaidi."

"Nichague mimi?"

"Nani mwingine anayajua?" Alivuta pumzi. "Na usidhani naongea kirahisi. Mimi ni namba sabini na moja. Nililowa ile dawa miaka mitatu kabla sijaenda chuo. Huwa najigusa pamoja na wazee kila mwaka. Nitoe kwenye hesabu."

Akarudi ndani kwa mgeni wake, akasahau kurekebisha tai iliyopinda.

*

Reinfrida alimsubiri mkaguzi kwenye korido inayokwenda msalani, maana hapo tu ndipo angempata bila Meinrad. Bi. Salha Mbwana alikuwa mwanamke mfupi wa Tanga aliyevaa masweta mawili na kitambaa cha shingo, pua imekuwa nyekundu.

"Jamani, nyie mnaishije huku?" alisema alipomwona. "Hii si baridi, hii ni adhabu."

Reinfrida alimweleza kila kitu bila kupumzika. Mazishi, tangazo, siku tatu, saa tisa. Hakuficha kosa lake wala la bosi wake. Bi. Salha alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeingizwa kwenye mikono ya sweta.

"Unataka niandike kwamba kulikuwa na msiba."

"Kulikuwa na msiba."

"Nakuamini, mama. Naona hata macho yako." Alipiga chafya. "Lakini nikikuandikia wewe msiba leo, kesho kila kiwanda kitakuwa na msiba. Utashangaa watu wanavyokufa mkaguzi akifika. Nimeshaambiwa habari za mazishi ya bibi mmoja mara tatu, kwenye kampuni tatu."

"Hao walikuwa wanaficha mitambo. Mimi nina watu."

"Mashine haijui tofauti, na mimi siruhusiwi kuijua." Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na uchovu. "Wewe umeapa, si ndiyo? Chama cha watunza mifumo?"

Reinfrida alikuwa ameapa. Nitafuta bila huruma na bila upendeleo. Aliapa akiwa na miaka ishirini na mitatu, na machozi yalimtoka kwa sababu aliamini. Sheria ya Kusahau haikuletwa na watu wabaya. Alikuwa na miaka tisa mabwawa yalipokauka misimu mitatu mfululizo. Mashine za kumbukumbu za makampuni ziliendelea kunguruma usiku na mchana, zikitunza picha za karamu na risiti za watu waliokwisha kuzikwa, huku wodi ya wazazi inazalisha kwa tochi. Mama yao alimzaa kitinda mimba kwa tochi. Kolumba ndiye aliyeishika ile tochi, na mtoto hakufikisha asubuhi. Sheria ilipokuja ikasema kila kisichoguswa na mwenyewe kifutwe, taa za wodi ziliwaka ndani ya mwezi mmoja. Tangu hapo Reinfrida alifuta kwa moyo mmoja, kama mtu anayefagia ua wake. Kwenye mikutano ya chama mtunza mfumo mwenye majalada mengi aliitwa mchafu, na yeye alikuwa hajawahi kuitwa hivyo hata siku moja.

"Niliapa," alisema.

"Basi unajua kazi yako vizuri kuliko mimi." Bi. Salha alimgusa mkono. "Pole sana. Nasema kweli."

Ilikuwa saa nne na dakika tano.

*

Uani wastaafu walikuwa wamekwisha jaa. Walikuja wote, maana waliambiwa Jumanne nao ni watu wa kushika ahadi. Walikaa juu ya magogo ya misonobari yaliyopangwa kusubiri tangi, wamejifunika mablanketi, wanamenya viazi vya kuchemsha na kukohoa. Kikohozi cha tangi hakifanani na kikohozi kingine. Ni kikavu, kifupi, na huja viwili viwili. Ndani ya mabanda mashine ziliendelea, na watoto wao walipita na magari ya kubebea nguzo wakiwapungia mikono.

Reinfrida alipanda juu ya gogo, akawaambia. Alipofika kwenye arobaini alirudia mara mbili.

Kisha mzee mmoja aliyeitwa Adelgot Mwinuka, aliyekuwa na mdomo mchafu tangu ujana wake, akauliza, "Kwa hiyo Otmari ametuponza? Hata akiwa amekufa?" Wengine wakacheka, wakakohoa, wakacheka tena. Halafu kicheko kikaisha, kila mtu akawa anaangalia viazi vyake.

"Nani hao arobaini?" mama mmoja aliuliza.

"Nimeambiwa nichague walio wagonjwa zaidi."

"Mgonjwa zaidi ni yupi? Mimi natema damu, huyu hatemi, lakini huyu hawezi kupanda kitanda. Nani zaidi?"

Walibishana. Hawakubishana kwa kugombea, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu kugombea kuna mwisho. Kila aliyetajwa alimtaja mwingine. Mwenye watoto wadogo akasema wake wamekua. Aliyekuwa nao wakubwa akasema yeye amekula chumvi nyingi, muda wake umetosha. Saa tano ikafika hawana hata majina kumi. Reinfrida aliandika, akakata, akaandika. Mwandiko wake mwenyewe ukawa hausomeki.

Alimtafuta Kolumba, akampata amekaa pembeni kwenye gogo la mwisho. Alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini mgongo umenyooka vilevile.

"Dada, nisaidie. Wewe ulikuwa nyapara wao. Wewe wakikusikia watatulia. Chagua."

"Nichague nani afe?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi, mdogo wangu? Nifundishe lugha nyingine."

Reinfrida aliinama mbele yake, magoti yakaingia kwenye matope. "Basi nikuandike wewe wa kwanza. Ijumaa yako imebaki siku tatu tu. Mimi nikuandike tu, hao wengine Mungu atajua."

Kolumba alimtazama kwa jicho lile alilokuwa akimtazamia utotoni akimkuta amekomba sukari.

"Hicho kikomo," alisema, "ni nani mwenye ufunguo wake?"

"Mimi."

"Na hao watoto ndani ya mabanda, umewauliza?"

"Sijawauliza."

"Hatujawauliza hata sisi. Gerolda wangu yupo mle anaendesha winchi. Ukifungua, kesho hana kazi. Usipofungua, kesho kutwa hana mama, au ana mama na mwenzake hana baba." Alikohoa, viwili, viwili. "Mimi sitakuambia ufungue. Sitakuambia uache. Ila usinifanye mimi niwe sababu. Ukifungua, fungua kwa ajili ya wote. Ukinifungulia mimi peke yangu sitaweka kidole, na unanijua."

Alimjua. Reinfrida alisimama, akapangusa magoti, akaenda kwa meneja mara nyingine na kwa mkaguzi mara nyingine. Wote wawili walimjibu yale yale, kwa upole ule ule. Alimpigia mwenyekiti wa chama cha watunza mifumo, mwalimu wake wa zamani. Mwalimu akasema, "Binti yangu, chama hakiwezi kuwa na maoni kuhusu hilo." Kila aliyemwendea alikuwa na mtu mwingine wa kumwogopa, na huyo mwingine naye alikuwa na wake.

Saa sita kasoro kumi alirudi chumba cha mfumo. Alikaa mbele ya ukuta wa buluu. Alijisikia hofu tupu, hofu ya mnyama, na juu ya hofu hiyo aliona aibu kwamba saa nne nzima alikuwa anatafuta mtu wa kumbebea uamuzi uliokuwa wake tangu alipofungua mlango.

Aliingiza ufunguo. Mzani ukamuuliza kama ana hakika. Ukamwonyesha yatakayofuata, yote, kwa orodha. Akabonyeza ndiyo.

*

Mashine za mabandani zilizimika moja baada ya nyingine. Kwanza msumeno mkubwa, kisha pampu za tangi, kisha winchi. Chumba cha mfumo peke yake ndicho kilichobaki na umeme, kwa kuwa sheria inataka mfumo uwe wa mwisho kuzimwa, ili uandike kosa lake wenyewe.

Jalada moja lilihitaji dakika moja kupashwa na kuguswa, na zaidi ya hapo kwa mwenye vidole vilivyoliwa na dawa mpaka alama zikafifia. Kisahani kilikuwa kimoja. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita korido, ikaishia uani. Reinfrida alishika mkono wa kila mmoja, akaukandamiza kwenye kisahani. "Kaza, baba. Usitoe. Bado. Bado. Haya." Buluu ikawa nyeupe. "Anayefuata."

Vijana walitoka mabandani na glovu zao mikononi. Gerolda, binti wa Kolumba, alisimama mlangoni akamwangalia mama yake mdogo. Kijana mwingine alisema, "Mmetumaliza." Baada ya muda Gerolda aliivua glovu yake, akamshika mkono mzee aliyekuwa hawezi kutembea, akamsogeza mbele. Wengine wakafuata kidogo kidogo, wakabeba wasiojiweza, nyuso zao zimefungwa.

Meinrad alikuja saa saba. Reinfrida alijiandaa kutukanwa. Meneja aliangalia ukuta, akaangalia foleni, akavua tai akaitia mfukoni. "Ungeniambia kabla," alisema tu, kisha akaenda kubeba watu.

Ilipofika saa nane na nusu walibaki ishirini na watano. Reinfrida alianza kuhesabu dakika na watu, na hesabu ilikuwa inakubali kwa kidogo sana. Mzee Adelgot alikuwa na kidole ambacho kisahani hakikukitambua mara tatu. Dakika nne ziliondoka na kidole hicho.

"Kolumba yuko wapi?" aliuliza bila kugeuka. "Ameshapita?"

Watu waligeuka kutazama koridoni.

"Yuko nyuma," Gerolda alisema. "Kila anayefika anampisha. Mama mdogo, nimemvuta hataki."

Pale tangini nyapara ndiye alikuwa wa mwisho kutoka. Kengele ya dawa ikilia, nyapara anasimama mlangoni, anahesabu vichwa, anamsukuma wa mwisho, ndipo anatoka yeye. Kwa miaka kumi na miwili Kolumba alivuta pumzi za ziada pale mlangoni, kila kengele, kila mara. Ndiyo sababu jalada lake lilikuwa zito kuliko yote, na la kuchelewa zaidi kupata joto.

"Dada!" Reinfrida alipiga kelele kuelekea koridoni. "Dada, njoo mbele! Nakuamuru!"

"Endelea na kazi," ilijibu sauti ya Kolumba kutoka mbali. "Watu tisa bado. Nawaona."

Saba. Watano. Watatu. Saa tisa kasoro dakika tatu Meinrad na Kolumba walisimama pamoja mlangoni, wa mwisho wawili, na ukutani zilibaki alama mbili za buluu.

"Pita, mama," Meinrad alisema. "Tafadhali. Mimi ndiye niliyejaza ile fomu."

"Najua uliyejaza."

"Pita basi!"

"Ulikuja kwangu una miaka kumi na tisa, hujui hata kufunga barakoa. Ingia, Meinrad."

"Dada, ingia wewe!" Reinfrida alikuwa analia waziwazi. "Ingia, dada, ingia, nakuomba, nakupigia magoti!"

Alinyoosha mkono kumshika dada yake. Kolumba, kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zilikuwa zimebaki, alimshika meneja kwa ukosi akamsukuma kwenye kisahani, kama alivyowahi kuwasukuma wengine wengi nje ya mlango. Dole gumba la Meinrad likaangukia mahali pake. Mzani hauliachi jalada ulilolianza ili kushika jingine. Ukapasha. Wote walisimama wakiitazama dakika ile inakwisha, na Meinrad alijaribu kuutoa mkono, kisahani kikawa kimeushika.

Namba sabini na moja ikawa nyeupe.

Reinfrida alimvuta Kolumba, akauchukua mkono wake mwembamba, akaukandamiza. Jalada la kumi na tisa lilianza kupata joto. Buluu ikapauka, ikawa ya samawati, karibu na weupe. Kisha saa ya ukutani ikasogea, na pale palipokuwa na namba kumi na tisa hapakuwa na kitu. Orodha ilijipanga upya. Namba ishirini ikawa kumi na tisa.

*

Bi. Salha Mbwana alikuwa amekaa kwenye korido na kompyuta yake magotini. Alimsubiri Reinfrida anyamaze, na alisubiri muda mrefu.

"Lazima nijaze sababu," alisema mwishowe. "Niandike nini?"

"Andika msiba."

Aliangalia fomu, akaiteremsha, akaipandisha. "Hakuna kisanduku cha msiba," alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Aliandika kitu kingine.

Uani vijana walikuwa wamekaa kwenye magogo walipokuwa wamekaa wazazi wao asubuhi. Hakuna mashine iliyonguruma Ikonyelo. Ulisikika upepo kwenye misonobari, na kikohozi, viwili viwili. Meinrad alisimama peke yake katikati ya uwanja, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto.

Kolumba alikuwa chumba cha mfumo, amekalia kiti cha Reinfrida, amechoka. Reinfrida aliingia na bunda la karatasi alilolipata ofisini kwa meneja, na penseli. Alivuta ndoo akaikalia, akaweka karatasi juu ya magoti.

"Daktari ni mtu," alisema kwa haraka. "Nitamwendea. Nitalala mlangoni kwake. Tukimpelekea kitu chochote, hata cha mkono, hawezi kutufukuza hivihivi. Tunaandika upya, dada. Siku kwa siku. Tuna mpaka Ijumaa. Uliingia tangini tarehe ngapi?"

"Tarehe mbili mwezi wa saba. Ilikuwa Jumatatu."

"Vizuri." Aliandika. "Tarehe mbili. Jumatatu. Siku hiyo ulivuta kiasi gani?"

Kolumba alimtazama mdogo wake, karatasi ile nyeupe na penseli iliyosubiri, akamhurumia kwa moyo wake wote.

"Nitajuaje, Reinfrida?" alisema. "Si ndiyo maana mlituvisha kipimo?"